Mwalimu Aliyesema Rafey

Kwetu mtu haketi mkekani kabla hajaulizwa ni wa nani. Maji atapewa, kivuli atapewa, lakini swali litakuja tu. Akitaja baba, ataulizwa babu. Akitaja babu, ataulizwa baba wa babu, mpaka mwulizaji aone mahali damu zao zinapokutana, au ajue kwamba hazikutani. Tunaita abtirsi, kuhesabu ukoo. Mtoto ambaye bado anafungwa viatu na mama yake anaweza kukusomea wake bila kumeza mate.

Mwalimu wa kompyuta aliishi Iftin, upande wetu wa mji wa Garissa, ukuta mmoja wa bati na kibanda changu cha chai, na hakuna aliyejua ni wa nani. Nilimwuliza siku aliyofika, glasi ikiwa bado inamchoma vidole.

"Wewe wa nani?"

"Mimi? Wa kompyuta."

Nilicheka mpaka nikaweka birika chini. Basi ikawa hivyo. Vijana walimwita Mwalimu, wazee walimwita Maalim kama wa chuo cha Kurani, na yeye hakumsahihisha mtu. Kwamba alitoka bara, huko kwenye milima ya baridi na majani chai, hilo halikuhitaji kuulizwa. Ulimi wake ulisema wenyewe. Kila penye L aliweka R. Hapa nitayaandika maneno yake sawasawa, kwa heshima, isipokuwa pale ambapo ulimi ndio habari yenyewe. Nyinyi mkimsoma, sikieni R.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kwisha, baada ya ile mvua kubwa iliyokata barabara na kuua mifugo yetu. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, kubwa kama kreti ya soda, na akiondoka aliifunika kwa blanketi la mtoto lenye picha za bata. Aliiogopea vumbi kuliko mama anavyomwogopea kitoto cha siku arobaini. Disketi zake alizitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga na kuuweka kwangu, ubavuni mwa mtungi, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa baridi kuliko Iftin nzima. Ukitaka maji nyumbani kwangu ilibidi usogeze elimu kwanza.

Alilalamikia joto tangu alfajiri mpaka jua linazama. "Hapa Mungu alisahau kufunga mlango wa jikoni," alisema. Lakini shati lake alifunga kifungo cha juu kabisa, na tai juu yake, na chini suruali iliyopigwa pasi ikaishia kwenye viatu vya tairi. Na chai aliitaka inayochemka. Ukimpa iliyopoa kidogo alirudisha glasi, akaiweka mezani kwangu taratibu kama mtu anayerudisha mkufu wa bandia dukani.

Mwezi wa Ramadhani hakula mbele yetu. Hakuna aliyemwambia asile, yeye hakuwa Mwislamu na sote tulijua. Lakini saa za mchana alifunga mlango wa darasa, tukasikia maji yakimwagwa kwenye kikombe, halafu kikohozi kirefu cha uongo cha kuficha kumeza. Kila siku. Wanawake waliokuja kununua sambusa za futari walikuwa wananiambia, "Mwalimu wako ana kifua kibaya." Jua likizama alikuja kuketi na sisi, akawa wa kwanza kuchukua tende, mbele ya waliofunga.

Na ngamia aliwaogopa. Maziwa yao alikunywa, hata yale machachu, akajipangusa mdomo na kusifu, lakini mwenye maziwa hakutaka kumwona. Siku moja ngamia wa mtu aliingiza kichwa dirishani wakati wa somo, akatazama kioo cha kompyuta huku anatafuna, kama anayesoma. Wanafunzi wakageuka, Mwalimu hayupo. Yuko chini ya meza, na sauti yake inatoka huko:

"Mtoeni! Huyo hajaandikishwa!"

Miezi mingi baadaye mwanafunzi akikaa bila kuelewa, wenzake walimwuliza kama ameandikishwa.

Ugomvi wetu mkubwa, mimi na yeye, ulikuwa wa ndimi. Sisi Wasomali P inatushinda, inatoka B, na V inakuwa F. Yeye alifanya kazi ya kutukosoa kana kwamba serikali ilimtuma. Nikimletea supu:

"Mwalimu, nikuwekee bilibili?"

"Pilipili, Mama Chai. Pi. Pi."

"Bi. Bi."

"Funga midomo halafu uipasue."

"Nitaibasua kichwa yako. Sasa na wewe. Sema, lala salama."

"Rara sarama."

"Sema, Lafey."

"Rafey."

Kibanda kizima kilianguka kwa kicheko. Lafey ni mji wa Mandera, kule karibu na mpaka, na madereva wa malori waliotoka huko walikuwa wakiingia kwangu huku wanapiga kelele, "Mama, tumefika salama kutoka Rafey!" ili yeye asikie nyuma ya bati. Naye hujibu kutoka huko huko, "Karibuni mfunge bunda wenu nje!" Hakukasirika. Lakini darasani hakuwa na mchezo. Msichana akiandika "bunda" badala ya "punda", alimfanya afute na kuandika upya. Alikuwa na maneno yake aliyoyarudia mpaka kuku wangu waliyajua: "Mashine haina masikio. Haisikii ulivyosema. Inaona ulivyoandika. Herufi moja tu, na imekufa."

Sasa nije kwa msichana wangu, maana bila yeye ningemkumbuka Mwalimu kama mteja mzuri tu.

Kaltuma ni kifungua mimba wangu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na anakaa nyumbani, baba yake ameshatangulia mbele ya haki. Adeer yake, ndugu wa marehemu, alikuwa na duka Bute, kule Wajir, na aliposhuka Garissa kununua bidhaa alilala kwetu na kusema yale yale.

"Msichana kukaa bure mjini si vizuri. Nitamchukua Bute. Atasaidia dukani, na kuna mtu mzuri ameuliza habari zake."

Huyo mtu mzuri nilimjua. Ndevu zake zilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi. Lakini adeer ni mkubwa wa nyumba ndugu yake akifa, na mimi mjane muuza chai ningemwambia nini? Nilimwambia, "Akipata kazi, je?" Akafikiri, akasema mbele ya wazee wawili, kwa kuwa yeye ni mtu wa haki hata akiwa mzito: "Nikirudi safari ijayo nikimkuta na kazi, abaki. Nikimkuta bure, naondoka naye." Tulisoma Fatiha, tukamaliza.

Nilimpeleka Kaltuma kwa Mwalimu asubuhi yake. Alimtazama vidole, kama anayenunua mbuzi.

"Anajua kuandika?"

"Kuliko wewe."

"Basi aketi."

Kazi iliyokuwepo ilikuwa moja. Kulikuwa na ofisi fulani mjini iliyotengeneza injini za visima mkoa mzima, Garissa, Wajir na Mandera. Walitafuta karani wa kompyuta, kwa sababu makarani wa kalamu waliandika walivyosikia. Watu wa kisima kimoja cha Mandera walikaa bila maji wakimngoja fundi, na fundi yuko Bute anawauliza watu injini gani imeharibika, nao wanamshangaa, yao inafanya kazi. Ng'ombe walikufa hapo. Mkubwa wa ofisi hiyo alisema anataka karatasi ya kompyuta ambayo mtu hawezi kuandika upuuzi: achague, asiandike.

Mwalimu alimfundisha Kaltuma jambo hilo, na mimi nililifahamu nikiwa mlangoni na sinia, kwa hiyo naweza kuwaambia. Kwenye kisanduku cha kwanza kuna mshale mdogo. Ukiubonyeza inashuka orodha ya wilaya. Ukichagua Wajir, mshale wa pili unashusha tarafa za Wajir tu. Za Mandera hazionekani kabisa. Ukichagua Bute, mshale wa tatu unashusha visima vya Bute tu. Orodha ya pili haina akili yake. Inatazama ya kwanza imesema nini, halafu inakwenda kutafuta kifungu chenye jina hilo hilo. Kila kifungu lazima kipewe jina lake pembeni, mahali pasipoonekana, na jina lifanane na lile lililochaguliwa, herufi kwa herufi, bila nafasi katikati. Neno la kuiamuru iende ikatafute lilikuwa la Kizungu, refu, INDIRECT, na Kaltuma aliliandika kwa mkaa kwenye bati la jikoni ili asilisahau. Lilikaa pale nyuma ya sufuria mpaka kibanda kilipovunjwa.

Wanafunzi wengine liliwatoa jasho. Mwalimu alichora, akafuta, akachora. Mimi nikasema, "Lakini hiyo ni abtirsi."

"Ni nini?"

"Wewe wa nani? Ukishataja babu, ni watoto wa babu huyo tu wanaoitika. Wa babu mwingine watakaa kimya. Ukikosea jina la babu, hakuna anayekuitikia."

Mwalimu aliweka chaki chini. Tangu siku hiyo hakufundisha tena kwa Kizungu chake. Alisema babu, baba, mtoto. "Umempa babu jina? Mbona mtoto haitiki? Umemwitaje?" Na darasa likaelewa, maana hakuna Msomali asiyejua kuitwa kwa ukoo. Nikamwambia, "Na wewe utuambie wako sasa, umeshajua." Akakohoa kile kikohozi chake cha Ramadhani.

Adeer alirudi kabla hatujawa tayari. Mkubwa wa ofisi naye akatuma habari kwamba kesho atapita mwenyewe kuona kazi ya huyo msichana. Siku hiyo umeme ulikatika asubuhi ukarudi jioni, Kaltuma akiwa bado hajavipa majina vifungu vya Mandera. Macho yalikuwa yamemvimba. Mwalimu akamwambia, "Nenda kaoge upumzike, hivi vya mwisho nitamalizia mimi," akavuta kiti. Alikuwa mtu wa kukagua kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe.

Kesho yake darasa lilijaa. Mkubwa, mtu mnene mwenye miwani, ameketi mbele ya kompyuta. Adeer yuko kando ya ukuta na fimbo yake, mizigo yake iko kwangu, imefungwa. Wanawake wangu wa sambusa wako dirishani, alipochungulia ngamia. Mimi nimesimama na sinia na sijui kama nimemimina chai au sijamimina.

Mkubwa akabonyeza Garissa. Akabonyeza Iftin. Visima vikashuka, vya upande wetu tu. "Mmh," akasema. Akabonyeza Wajir, akabonyeza Bute. Adeer akasogea akaweka uso karibu na kioo.

"Wallahi, kisima chetu kipo!"

"Mzee, rudi nyuma kidogo."

Akabonyeza Mandera. Tarafa zikashuka. Akachagua Lafey. Akabonyeza mshale wa tatu.

Haukushusha kitu. Akabonyeza tena. Kimya. Ule mshale ulikaa pale kama mlango wa nyumba ya watu waliohama.

"Hii imekufa," Mkubwa akasema.

Adeer alihamisha fimbo kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, na nikajua yuko tayari kuondoka naye.

Kaltuma alichukua kipanya, akafungua mahali pale pa pembeni penye majina ya vifungu. Aliniambia baadaye alichokiona. Kifungu kiliitwa Rafey. Mwalimu alikuwa ameandika anavyosema. Msichana wangu alimtazama Mwalimu, halafu akatazama chini, akasema kwa sauti ambayo sikuijua:

"Nimekosea, bwana. Nipe nafasi nirekebishe."

"Ukikosea mbele yangu," Mkubwa akasema, anavua miwani, "nikiwa sipo utafanya nini? Watu watakosa maji kwa sababu yako."

Nilifikiria zile ndevu za Bute. Nikaiweka sinia chini.

Basi Mwalimu akasimama. Mtu aliyeishi kwa kukosoa herufi za watu, katika chumba ambacho kila aliyekuwamo aliwahi kufutishwa neno naye. Shingo ilikuwa imemlowa mpaka kwenye kile kifungo.

"Si yeye," akasema. "Hicho nilikiandika mimi. Nimeandika ninavyosema."

"Unasemaje?"

Dirishani mtu akaanza kucheka. Nikamgeukia kwa jicho, akanyamaza.

"Rafey," Mwalimu akasema.

"Na inaitwaje?"

Sijawahi kuona mtu mzima akitafuta ulimi wake mdomoni hivyo. Alifunga macho. Alisogeza taya. Na kweli ilitoka, polepole, kama ndoo kutoka kisima kirefu:

"L... Lafey."

Kaltuma akaandika herufi aliyoisikia. Akabonyeza mshale. Visima vya Lafey vikashuka vyote mpaka chini ya kioo.

Mkubwa alivaa miwani. "Binti, ulijua kosa ni la nani?"

"Nilijua."

"Kwa nini ukasema lako?"

"Ni mwalimu wangu."

Yule mtu mnene alibonyeza ule mshale mara moja tena. Halafu akaniomba chai, na alipoimaliza akamwambia Kaltuma afike ofisini Jumatatu. Tulijua alikuwa amekuja na nia ya kumpa Mwalimu makarani wake wengine awafundishe, hakuwaleta. Na mji mdogo una mdomo mkubwa. Wanafunzi walipungua, wakaenda kwa mwingine aliyefungua karibu na soko, na mwaka haukugeuka kabla ya Mwalimu kuifunga kompyuta ndani ya lile blanketi la bata na kupanda basi.

Adeer alibeba mzigo wake mwenyewe siku ile. Mlangoni akaniambia, "Hooyo, mama Kaltuma, Rafey imeninyima msichana," na akacheka, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya.

Mwalimu alipoaga alikuja kuchukua mkebe wake pale kwenye mtungi. Nilimimina chai ya kuchemka. Aliinywa amesimama. Nilitaka kumwuliza tena ni wa nani, ili nijue nitampata wapi, nikaona haya. Mahali pa mkebe pakabaki duara kavu kwenye udongo mbichi, na wiki nyingi nilikuwa nikienda kuchota maji mkono unatangulia kusogeza kitu ambacho hakipo.

Kaltuma yuko katika kazi hiyo mpaka leo, sasa ana makarani chini yake. Aliolewa na mtu aliyemtaka mwenyewe, na binti yake Ubah, mjukuu wangu, anasoma chuo kikuu. Mtu akitaka kujua ninavyoringa aje anione siku Ubah anapokuja likizo. Ni yeye aliyenipeleka Thika macho yangu yalipoingia ukungu.

Nilikuwa kwenye benchi la hospitali, jicho moja limefungwa pamba, la pili linaona mwanga na vivuli tu. Ubah amenishika mkono. Mbele yetu msichana wa mapokezi alikuwa anaandikisha watu kwenye kompyuta, na zamu ilikuwa ya mzee fulani.

"Umekuja na nani, mzee?"

"Peke yangu."

"Hatuwezi kukupasua bila mtu wa kukushika mkono ukitoka. Jamaa zako wako wapi?"

"Nimetoka mbari," yule mzee akasema. "Wacha nirudi siku nyingine."

Nikamkamata Ubah mkono mpaka akasema, ayeeyo, bibi, unaniumiza.

"Wewe mzee," nikaita. "Usiondoke. Sema Lafey."

Watu wakanong'ona benchi zima. Walidhani dawa imenipanda kichwani. Nikasikia viatu, vile vya tairi, vinageuka sakafuni.

"Mama Chai?"

"Sema kwanza."

Alikohoa kile kikohozi. Nikangoja. Nilijua anaweza, niliwahi kumsikia kwa masikio yangu.

"Rafey," akasema.

"Keti hapa, Mwalimu."

Akaketi. Alikuwa amekonda, bega lake kwenye langu lilikuwa kama mpini. Nikagusa shingo yake kama mtu asiye na adabu: kifungo cha juu kilikuwa kimefungwa. Msichana wa mapokezi akauliza kama tunajuana, na amwandike ni nani wangu.

"Andika Garissa," nikasema. Nikasikia vidole vyake. "Andika Iftin." Vidole. "Sasa chini ya Iftin, yuko Kaltuma, yuko huyu Ubah, niko mimi. Mweke hapo."

"Mama, hapa naulizwa uhusiano tu."

"Ndio huo ninaokutajia."

Mwalimu alikuwa anatetemeka bega, sijui kwa kicheko au kwa kitu kingine, sikuwa na macho ya kuona. Akainama akaninong'oneza.

"Mwambie aangalie herufi."